Ndevu za mwanamke si mzaha, na leza si kifaa cha urembo tu

Mwanamke wa Bukoba anayeota ndevu kidevuni huanza na kioo na kibano. Huamka kabla ya watu wa nyumbani, husogea dirishani penye mwanga, akang'oa unywele mmoja mmoja. Baadaye huhamia kwenye wembe, kisha kwenye nta ya saluni. Vipele vinapoanza kuacha madoa meusi, mtu humnong'oneza kwamba ipo mashine ya leza inayochoma mizizi ya ndevu zikapungua kwa muda mrefu. Dar es Salaam ni mbali, zaidi ya kilomita 1,300 kwa barabara. Kampala iko ng'ambo ya Mutukula, safari ya siku moja kwa basi. Anakusanya akiba yake, anajifunga mtandio hadi kidevuni, anavuka mpaka.

Mwanamke huyo ni wa mfano, lakini safari yake si ya kubuni. Mtu wa Arusha akitaka matibabu asiyoyapata karibu hutazama Nairobi, wa Goma hutazama Kigali, na wa Bukoba hutazama Kampala. Hayo ndiyo maisha ambayo Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, iliyatarajia: watu, huduma na mitaji kuvuka mipaka bila vikwazo visivyo na maana.

Tatizo ni kwamba mpakani kila kitu kina mwenyewe isipokuwa uso wa mama huyo. Ng'ombe huulizwa kibali cha mifugo. Mahindi hupimwa sumukuvu, na Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyo hiyo, majirani wakavutana kwa siku kadhaa. Lakini Jumuiya haina kanuni moja inayosema mashine ya leza inayofaa ngozi nyeusi ni ipi, nani aruhusiwe kuishika, na mteja aliyeungua akirudi kwao amshitaki nani. Kanuni hiyo inahitajika, na inahitajika sasa, kabla mashine hizi hazijawa za kawaida kama mashine za kunyolea.

Dalili kabla ya aibu

Jambo la kwanza la kuwekwa sawa ni lugha. Mwanamke mwenye ndevu huitwa jike dume. Wapo wanaosema ni dalili ya utajiri, wapo wanaomhusisha na ushirikina, na wapo wanaocheka tu. Majina yote hayo humfanya ajifiche, na Waswahili walishasema kwamba mficha maradhi, kilio humfichua.

Ndevu si ugonjwa kila zinapoota. Zipo koo ambazo wanawake wake wana nywele nyingi usoni kwa kurithi na afya yao ni njema. Wanawake wengi pia huona nywele chache ngumu kidevuni baada ya kukoma hedhi, kwa kuwa homoni za kike hupungua huku zile za kiume, ambazo kila mwanamke anazo kwa kiasi kidogo, zikibaki na nguvu zaidi.

Lakini ndevu nene na nyeusi kwa mwanamke kijana, hasa zikiambatana na hedhi isiyo na mpangilio, chunusi sugu, kuongezeka uzito au kuchelewa kupata mimba, mara nyingi ni dalili ya tatizo la homoni linalojulikana kwa kifupi kama PCOS. Katika hali hiyo ovari hutoa homoni za kiume kupita kiasi na mayai hayapevuki kwa mpangilio. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba tatizo hilo linawapata kati ya asilimia 10 na 13 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa, na kwamba hadi asilimia 70 ya walio nalo duniani hawajui kama wanalo.

Takwimu hiyo ndiyo inayoliondoa suala hili kwenye kapu la urembo. PCOS ni miongoni mwa sababu kubwa za ugumba, na huongeza hatari ya kisukari cha aina ya pili. Mwanamke asiyepata hedhi kwa miezi mingi bila matibabu hujiweka pia katika hatari ya saratani ya ukuta wa mfuko wa uzazi. Ndevu, ambazo kila mtu anaziona, huenda zikawa kengele ya kwanza ya maradhi ambayo hakuna anayeyaona.

Ipo kengele nyingine inayolia kwa sauti kubwa zaidi. Ndevu zikijitokeza ghafla na kuongezeka kwa miezi michache, sauti ikawa nzito na nywele za kichwani zikaanza kupungua kama za mwanamume, daktari hutafuta uvimbe kwenye ovari au kwenye tezi za adrenali zilizo juu ya figo. Mwanamke wa namna hiyo akipelekwa moja kwa moja kwenye leza, mashine itafuta dalili na kuuacha uvimbe ukikua.

Sababu nyingine iko kwenye meza ya vipodozi. Krimu nyingi za kujichubua, zile zinazoitwa mkorogo kuanzia Dar es Salaam hadi Kigali, huchanganywa na dawa kali za jamii ya steroidi. Dawa hizo zikipakwa usoni kwa muda mrefu huweza kuotesha nywele. Mwanamke anaanza kwa kutafuta weupe, anapata ndevu, kisha anapeleka kwenye leza ngozi ambayo tayari imekonda na kudhoofika. Mwendesha mashine asiyeuliza kuhusu mkorogo anacheza na moto.

Mwanga unatafuta weusi

Ili kuelewa kwa nini kanuni inahitajika, ni lazima kuelewa leza inavyofanya kazi. Msingi wake ulielezwa mwaka 1983 na watafiti wawili wa Marekani, Rox Anderson na John Parrish. Mwanga wa rangi moja, ukitolewa kwa muda mfupi sana, unaweza kupasha joto kitu kimoja ndani ya ngozi na kuacha vilivyo jirani. Katika kuondoa nywele, kitu hicho ni melanini, rangi nyeusi iliyo ndani ya unywele. Melanini hunyonya mwanga, mwanga hugeuka joto, na joto huunguza mzizi.

Hapo ndipo penye mtego kwa Mwafrika. Melanini haimo kwenye unywele peke yake. Imo pia kwenye ngozi, na kwenye ngozi nyeusi imo kwa wingi. Mashine haijui kutofautisha weusi wa ndevu na weusi wa shavu. Kama mwanga wake ni wa aina isiyofaa, ngozi huunywa kabla haujafika kwenye mzizi. Matokeo yake ni malengelenge, madoa meusi au meupe yanayokaa miezi, na kwa baadhi ya watu makovu yanayovimba.

Mashine za mwanzo zilitengenezwa kwa ajili ya watu weupe wenye nywele nyeusi. Leza ya rubi hutoa mwanga wa nanomita 694, na ya aleksandraiti nanomita 755. Mawimbi hayo hunyonywa sana na melanini, kwa hiyo yana hatari kubwa kwa ngozi nyeusi. Leza iitwayo Nd:YAG hutoa mwanga wa nanomita 1,064, unaozama ndani zaidi na kunyonywa kidogo na melanini ya juu ya ngozi. Hiyo ndiyo madaktari wa ngozi huiona kuwa salama zaidi kwa watu weusi, ikitumiwa pamoja na ubaridi wa kulinda ngozi na vipimo vya nguvu vilivyopangwa kwa uangalifu. Vifaa vya mwanga mkali usio wa leza, vinavyouzwa hata kwa matumizi ya nyumbani, havikutengenezwa kwa ngozi nyeusi sana, na watengenezaji wengi huandika hivyo kwenye karatasi ya maelezo ambayo mnunuzi wa mkono wa pili haioni.

Hata kipimo cha kugawa aina za ngozi kina historia hiyo hiyo. Daktari Thomas Fitzpatrick wa Marekani alipokianzisha mwaka 1975, alikuwa anatazama jinsi ngozi za watu weupe zinavyoungua na jua. Madaraja ya ngozi ya kahawia na nyeusi, la tano na la sita, yaliongezwa baadaye. Watu wengi wa Jumuiya hii wako katika madaraja hayo mawili yaliyokuja mwishoni. Mashine iliyopimwa kwa wateja wa Ulaya Kaskazini haiwezi kuletwa Entebbe au Bujumbura na kuwashwa kwa vipimo vile vile.

Mteja naye anastahili kuambiwa ukweli kabla ya kulipa. Leza hupunguza nywele kwa muda mrefu, haiziondoi zote milele. Huhitaji awamu sita, nane au zaidi, zikiachana kwa wiki nne hadi sita, kwa sababu ni nywele zilizo katika hatua ya kukua tu zinazodhurika, na si zote hukua kwa wakati mmoja. Nywele nyeupe hazisikii leza, kwa kuwa hazina rangi ya kunyonya mwanga. Zipo sindano za umeme kwa ajili hiyo, njia iliyoanza kutumika Marekani mwaka 1875. Kabla ya leza mteja ananyoa kwa wembe na hang'oi, maana mzizi ukishang'olewa mwanga hauna cha kuunguza. Na wembe haufanyi ndevu kuwa nene: huo ni uvumi uliowatesa wanawake wengi bure, wakakimbilia kibano kinachoacha vipele na nywele zinazojikunja ndani ya ngozi.

Ipo pia hatari ambayo matangazo hayaitaji. Kwa baadhi ya wanawake, hasa wenye tatizo la homoni, leza ya usoni huweza kuchochea nywele kuongezeka badala ya kupungua. Ndiyo maana kupima homoni kabla ya kuwasha mashine kunamwokolea mteja fedha na uso. Homoni zisipodhibitiwa, ndevu mpya zitaendelea kuota hata kama za zamani zimechomwa. Daktari anaweza kutumia vidonge vya uzazi wa mpango au dawa inayozuia nguvu ya homoni za kiume, lakini dawa ya namna hiyo haitolewi kwa mjamzito, kwa sababu huweza kumdhuru mtoto wa kiume tumboni. Uamuzi huo hauwezi kufanywa kwenye kiti cha saluni.

Dawa iliyorudi kwa sababu ya ndevu

Anayedhani kwamba ndevu za wanawake ni habari ndogo isiyogusa siasa za kanda akumbuke kisa cha dawa ya eflonithini.

Dawa hiyo ilitengenezwa kwa matumaini ya kutibu saratani. Kwenye saratani haikufua dafu, lakini ikagundulika kwamba inaponya malale ya Afrika Magharibi na Kati hata baada ya vimelea kuingia kwenye ubongo. Malale ya aina hiyo ni ya nyumbani: Kongo, Sudan Kusini na kaskazini magharibi mwa Uganda. Wagonjwa waliokuwa wamezimia waliamka, hata dawa ikaitwa ya ufufuo. Marekani iliiidhinisha kwa malale mwaka 1990. Dawa nyingine iliyokuwapo ilikuwa na asili ya arseniki, na iliua takriban mgonjwa 1 kati ya 20 waliopewa.

Hata hivyo, wagonjwa wa malale walikuwa maskini. Katikati ya miaka ya 1990 uzalishaji wa eflonithini ukasimama kwa kuwa haukuwa na faida. Kisha ikabainika kwamba dawa hiyo hiyo, ikitengenezwa kama krimu, hupunguza kasi ya ndevu za wanawake. Mwaka 2000 krimu hiyo iliidhinishwa Marekani. Madaktari Wasio na Mipaka na Shirika la Afya Duniani wakapiga kelele: inawezekanaje dawa itengenezwe kwa ajili ya kidevu na ikosekane kwa ajili ya ubongo? Mwaka 2001 kampuni ya Aventis ilikubaliana na Shirika la Afya Duniani kutoa dawa za malale bure, eflonithini ikiwamo.

Mafunzo ni mawili. La kwanza linauma: soko la dunia lilisikia ndevu za mwanamke mwenye fedha kabla ya kusikia mgonjwa anayekufa huko Yei. La pili linatia moyo: pale sauti zilipoungana, kiwanda kilirudi kazini. Jumuiya yenye nchi wanachama nane na watu zaidi ya milioni 300 ni soko ambalo mtengenezaji hawezi kulipuuza. Ikisema kwa pamoja kwamba mashine isiyofaa ngozi ya daraja la tano na la sita haiingii, watengenezaji watasikiliza. Kila nchi ikisema peke yake, au ikinyamaza, mashine zilizochakaa kwingine zitapata makao hapa.

Wenzao walivyonyolewa

Jumuiya haitakuwa ya kwanza kukabili jambo hili. England iliondoa Oktoba 2010 sharti la saluni za leza za urembo kusajiliwa na msimamizi wa huduma za afya wa taifa, wakati Wales ililibakiza. Miaka ikapita, malalamiko yakaongezeka, na mwaka 2022 Bunge la Uingereza likapitisha sheria inayompa waziri mamlaka ya kuanzisha leseni kwa huduma za urembo nchini England. Kulegeza kulichukua siku moja. Kurekebisha kumechukua zaidi ya muongo.

Umoja wa Ulaya ulifanya kitu ambacho Arusha inaweza kukiiga. Sheria yake ya vifaa tiba, iliyoanza kutumika rasmi Mei 2021, inazitaja waziwazi leza na mashine za mwanga mkali za kuondolea nywele kuwa chini ya masharti yale yale ya vifaa tiba, hata kama muuzaji anadai ni za urembo tu. Mlango wa "hiki ni kipodozi" ukafungwa kwa nchi zote wanachama kwa mara moja. Ujerumani ikaongeza sharti lake: tangu Desemba 31, 2022, anayeondoa nywele kwa leza lazima awe na ujuzi uliothibitishwa kwa mafunzo. Haikuwafukuza warembaji kazini. Iliwapeleka darasani.

Hapa nyumbani misingi ipo. Kifungu cha 118 cha Mkataba wa Jumuiya kinazitaka nchi wanachama kuoanisha sera na kanuni za afya pamoja na taratibu za kusajili dawa. Mpango wa kuoanisha usajili wa dawa ulizinduliwa mwaka 2012. Tanzania ina Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, Kenya ina Bodi ya Famasia na Sumu, Rwanda ina mamlaka yake ya chakula na dawa, na Kigali ndiyo iliyochaguliwa kuwa makao ya Wakala wa Dawa wa Afrika. Moshi, katika Hospitali ya KCMC, kipo Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi kilichoanza mwaka 1992, ambacho kimefundisha wataalamu kutoka nchi nyingi za Afrika. Nyumba ina matofali na ina fundi. Kinachosubiriwa ni mtu wa kusema ujenzi uanze.

Wabunge wa Afrika Mashariki na mawaziri wa afya hawahitaji waraka mrefu. Yanatosha mambo matano.

Kwanza, mashine yoyote ya leza au mwanga mkali inayokusudiwa kutumika kwenye mwili wa binadamu ihesabiwe kifaa tiba katika forodha za nchi zote nane, hata kama imeandikwa kuwa ni ya urembo.

Pili, kuwe na cheti kimoja cha mwendesha leza kinachotambuliwa katika Jumuiya nzima, na Moshi ipewe jukumu la kuandaa mtaala. Soko la Pamoja linaruhusu tayari kutambuana kwa sifa za kitaaluma. Msichana wa Mwanza aliyefuzu aweze kufanya kazi Kisumu bila kuanza upya.

Tatu, mteja mwenye ngozi nyeusi apewe mashine inayomfaa, aina ya ngozi yake iandikwe, na majaribio yafanyike kwanza kwenye sehemu ndogo kabla ya uso mzima. Miwani ya kulinda macho iwe ya lazima kwa wote wawili, na mwanga usipigwe kwenye kope.

Nne, hakuna mashine kuwashwa kabla ya maswali machache kuulizwa: Hedhi yako ikoje? Ndevu zilianza lini na zimeongezeka kwa kasi gani? Unatumia dawa au krimu gani? Jibu likiwa la kutia shaka, mteja aandikiwe barua ya kwenda kwa daktari. Maswali hayo hayagharimu kitu, na yanaweza kuwa mara ya kwanza kwa mwanamke huyo kuulizwa kuhusu afya yake ya uzazi.

Tano, aliyeungua Kampala aweze kulalamika akiwa Bukoba. Mamlaka za nchi hizi zinapashana habari kuhusu dawa bandia. Zinaweza kupashana pia kuhusu mashine iliyoharibu nyuso.

Wanaopinga wana hoja

Wapo watakaouliza: nchi zenye malaria, Ebola na vifo vya wajawazito zina nafasi gani ya kuzungumzia ndevu? Ni swali la haki. Lakini hakuna anayeiomba serikali igharamie leza kwa kila mwanamke. Wanawake wanajilipia wenyewe. Kinachoombwa ni kwamba fedha zao zisinunue makovu. Na gharama ya kutibu ngozi iliyoungua, au kisukari ambacho kingeweza kugunduliwa miaka kumi mapema, hatimaye hurudi kwenye hospitali zile zile za umma.

Wapo watakaohofia kwamba masharti yataua saluni ndogo, ambazo nyingi ni za wanawake. Hofu hiyo itakuwa ya kweli kama kanuni itaandikwa kwa ajili ya hospitali kubwa tu. Ndiyo maana mfano wa Ujerumani unafaa kuliko kufunga mlango: fundisha, toa cheti, kagua. Mwenye saluni aliyesomea kazi yake ndiye atakayefaidika zaidi, kwa sababu leo anashindana na jirani aliyenunua mashine ya bei ya chini na kubandika bango.

Na wapo watakaosema mwanamke ajikubali alivyo. Anayetaka kufuga ndevu zake ana haki hiyo, na asichekwe. Lakini mwanamume hunyoa kila asubuhi bila kuulizwa kama anajikubali. Utafiti uliofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2005 uliwafuatilia wanawake 88 wenye PCOS na ndevu usoni. Waliopata leza ya nguvu kamili walipungukiwa na sonona na wasiwasi, na muda waliotumia kushughulikia ndevu ulishuka kutoka karibu saa mbili kwa wiki hadi karibu dakika 20. Saa moja na nusu kila wiki mbele ya kioo, mlango umefungwa, si jambo dogo katika maisha ya mtu.

Waswahili husema ukiona mwenzio ananyolewa, zako tia maji. England imeshanyolewa, na Ulaya imeshatia maji. Afrika Mashariki bado imekaa kavu, huku mashine zikiongezeka na mabasi yakivuka Mutukula kila siku.

Mwanamke wa Bukoba ataendelea kusafiri, kanuni iwepo au isiwepo. Tofauti ni moja. Leo anafika Kampala akiwa na fedha mkononi na bahati yake. Kanuni ikiwepo, atafika na kukuta mtu aliyefundishwa, mashine inayoijua ngozi yake, na swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza: mama, hedhi yako ikoje?